Makintoshi Bila W

Walisema sitaweza. Naanza na hilo kwa sababu wengi waliosema hivyo bado wako hai, wana simu, na nimehakikisha kila mmoja wao ameiona picha ya stashahada yangu. Walisema mtoto wa miaka tisa aliyetoka Tukuyu juzi, asiyejua hata kushika vijiti vya kulia, hawezi kusimama mbele ya darasa la Wachina na kueleza kwa Kichina, dakika tatu nzima, asili ya jina la ukoo wake. Shangazi yangu wa Mbeya aliandika barua kurasa mbili kumwonya Baba kwamba mtoto atachanganyikiwa kichwa. Watanzania wenzake Baba pale chuoni, waliokuwa wakija chumbani kwetu Jumapili kula ugali, walisema kwa upole: "Kaka, kurudishwa darasa la kwanza si aibu. Ataanza upya." Upole wao uliniuma kuliko barua ya shangazi. Na Daniu, aliyekaa dawati la nyuma yangu, alisema bila upole wowote: "Wewe? Dakika tatu? Hata dakika moja ukiwa umenyamaza huwezi."

Wiki iliyopita nilikuwa natumia kisu kufungua robota jipya la maturubai katika karakana yangu hapa Mbeya, karakana niliyoijenga kwa mikono na akili yangu mwenyewe baada ya kurudi kutoka China kwa mara ya pili, safari hiyo nikiwa msomi. Harufu ya kitambaa kilichopakwa mpira ikanipanda puani. Vijana wangu wa kazi waliniona nimesimama na kisu mkononi, nacheka peke yangu. Niliwaambia waendelee na kazi. Ninyi wa umri wangu ndio mtakaonielewa, maana mlikuwa watoto wakati mmoja na mimi, ingawa wengi wenu hamkuwa Guangzhou.

Baba alikuwa amepata ufadhili wa serikali kusomea uhandisi wa maji. Mama alibaki nyumbani kumalizia mkataba wake wa uuguzi, akasema nitangulie mimi nikajifunze dunia. Tulikaa chumba kimoja ndani ya uzio wa chuo, na ng'ambo ya uzio kulikuwa na Kangle, kijiji kilichomezwa na jiji: vichochoro vyembamba, nyaya za umeme kama nyavu juu ya vichwa, na kila mlango karakana ya kushona nguo. Cherehani zilianza asubuhi kabla sijaamka. Kwa muda mrefu niliamini sauti ile ni mvua, kwa sababu pale kwetu Tukuyu mvua ya asubuhi hulia vivyo hivyo juu ya bati, na nilikuwa navaa viatu vya plastiki bure siku zenye jua.

Siku ya kuandikishwa shule, Mwalimu Liang, mama mmoja mwembamba mwenye sauti ya kengele, alitaka jina langu la Kichina. Pasipoti ilisema Makintoshi. Alijaribu kulitamka mara tatu, akachoka, akachukua mwanzo wake tu. "Mai," akasema, na akaniandikia herufi moja yenye maana ya ngano. Nikawa mtoto wa ukoo wa Ngano. Baba alifurahi. Jina letu lilikuwa fahari yake kubwa. Alikuwa ameninong'oneza tangu nikiwa mdogo kwamba Babu alibatizwa na mmishenari wa Kiskoti, Mskoti halisi, naye akampa Babu jina lake mwenyewe kwa jinsi alivyompenda. Nyumbani, kwenye vyeti vya zamani, jina liliandikwa Mwakintoshi. Baba alisema ile w ni kosa la karani asiyejua kusoma, na alipojaza fomu za ufadhili aliitoa. Aliitoa kwa kalamu ya wino mweusi, mbele yangu, kama mtu anayetoa kijiwe kwenye mchele.

Mwaka ule runinga zote zilikuwa zinahesabu siku za Hong Kong kurudi China, na shule nzima ilikuwa inaimba habari za kurudi nyumbani. Ndipo Mwalimu Liang alipotoa kazi: kila mwanafunzi wa darasa la tatu aeleze jina lake la ukoo limetoka wapi na limepita wapi hadi kufika hapa. Kwa wenzangu ilikuwa kazi ya nyumbani. Kwangu ilikuwa mtihani. Mwalimu alimwita Baba akamwambia wazi: akiweza kuzungumza dakika tatu na kujibu swali moja, atabaki darasa la tatu. Asipoweza, baada ya likizo atakaa darasa la kwanza.

Nililijua darasa la kwanza. Nilipita mlangoni kwao kila siku. Watoto wa miaka sita walioenda chooni wameshikana mikono kama treni, na viti vyao vilikuwa vifupi hata magoti yangu yangefika masikioni. Nilikuwa tayari mrefu, na mweusi peke yangu katika shule nzima. Nilijiona katikati ya treni ile. Nikaapa.

Hotuba ile niliijenga kwa vya kukopa, na mkopo wa kwanza niliupata Kangle. Suruali ya Baba ilikuwa imepasuka, tukaipeleka kwa Mzee Mak, fundi wa kukata nguo, mtu wa miaka sitini hivi mwenye fulana nyeupe na futi ya kupimia shingoni mchana kutwa. Aliuliza jina ili aandike kwenye kikaratasi. Baba hakuweza kuliandika, mimi nikachukua kalamu nikachora herufi yangu ya ngano, polepole, ulimi nje. Mzee Mak aliitazama, akanitazama, akapiga meza kwa kiganja.

"Mak!" akapaza sauti karakana nzima. Watu wa Guangzhou huisoma herufi ile Mak. Mai ni matamshi ya walimu na redio. "Huyu ni Mak kama mimi! Ni mtu wetu!"

"Bosi," akasema mama mmoja kwenye cherehani, "mtu wenu huyu ni mweusi kuliko cherehani yangu."

"Alikaa juani," akajibu Mzee Mak. "Wewe kata nyuzi."

Tangu siku hiyo nilikuwa Mak-zai, Mak mdogo. Nilikuwa na kigoda changu karibu na meza ya kukatia, na saa kumi jioni nilipewa andazi la mvuke lenye nyama kama wajukuu wake. Nilipomweleza kazi ya shule alifuta mikono, akatoa kitabu cha ukoo wake, kikuukuu, kilichoshonwa kwa uzi, na akaniazima kwa siku kumi. Sikuweza kukisoma. Alinisimulia. Akina Mak, alisema, walitoka mbali kaskazini. Vita iliwasukuma, wakavuka milima, wakapita kwenye kichochoro kimoja mashuhuri ambako koo nyingi za kusini zilipumzika kabla ya kutawanyika, wakashuka hadi kwenye mto huu.

"Kaskazini kabisa?" nikamuuliza.

"Kaskazini kabisa. Kwenye baridi."

Mkopo wa pili ulitoka kwa Madamu. Alifundisha Kiingereza chuoni kwa Baba, mama mzee wa Kiskoti mwenye nywele kama pamba, na Baba alinipeleka kwake nikiwa nimepakwa mafuta usoni kama siku ya Pasaka. Alipoona jina letu kwenye karatasi alicheka kwa furaha na kunishika mabega. Alizungumza kwa Kiingereza, Baba akanitafsiria, na kila sentensi ilimwongezea Baba urefu.

"Anasema Mac maana yake ni mwana," Baba akatafsiri. "Na hii sehemu nyingine ni yule anayetangulia mbele ya watu. Chifu. Sisi ni wana wa chifu, umesikia? Wana wa chifu!"

Madamu aliendelea. Waliishi kwenye milima ya kaskazini mwa Uskoti, karibu na mji aliozaliwa yeye. Palikuwa na vita, wakashindwa. Baadaye kondoo wakawafukuza watu. Hapo nilimsimamisha Baba nikauliza kama amesikia vizuri. Alisikia vizuri: kondoo walifukuza watu. Niliwaona kabisa, makundi ya kondoo wenye pembe wakiteremka mlima mbio, na akina Makintoshi mbele yao wamebeba sufuria na watoto. Miaka ilipita ndipo nikaelewa kwamba mabwana wa ardhi walitaka malisho. Wengine walipanda meli kwenda Kanada na Amerika, wengine wakashuka Glasgow kwenye viwanda, na wengine, alisema Madamu, wakachukua Biblia wakaenda Afrika.

"Hao ndio waliomfikia Babu yako," Baba akaongeza, na hilo halikuwa la Madamu.

Tulipoondoka aliniazima shali yake ya sufu yenye miraba ya rangi, niivae siku ya kusimama mbele ya darasa.

Sasa fikirini akili ya mtoto mwerevu, maana nilikuwa mwerevu kupita kiasi. Mac wametoka kaskazini. Mak wametoka kaskazini. Wote wamefukuzwa, wote wamevuka milima yenye baridi. Nilifumba macho na dunia nzima ikakaa sawa: ni watu wale wale! Ndugu mmoja aligeukia Glasgow, mwingine akapita kichochoroni akashuka Guangzhou kuuza suruali. Upande wa kaskazini wa jiji ulikuwa na mlima Baiyun, na nilimwuliza Baba basi namba ngapi inavuka mlima ule kwenda Uskoti. Baba, aliyekuwa na mtihani wa hesabu kesho yake, alijibu, "Subiri ukue." Nilichukua hilo kuwa ni ndiyo.

Nikatunga hotuba yangu. Mwalimu Liang alinisahihishia, nikaikariri neno kwa neno nikitembea Kangle, mpaka mafundi wakawa wanajua sehemu zake na kuniimbia nikipita. Nilikuwa na ngano, nilikuwa na chifu, nilikuwa na kondoo. Palibaki pengo moja tu: jina la yule mmishenari. Baba alimwandikia Babu barua ya kupanga siku na saa, afike posta ya Tukuyu, nasi tukaenda kwenye kibanda cha simu za mbali siku moja kabla ya mtihani. Guangzhou ilikuwa jioni, Tukuyu mchana.

"Babu, shikamoo!"

"Marahaba, mjukuu wangu!" Babu alipiga kelele kana kwamba simu haipo na lazima sauti ifike yenyewe. "Unakula?"

"Ninakula, Babu."

"Unakula nini?"

"Wali."

"Kila siku wali? Kama sikukuu?"

"Babu, yule Mskoti aliyekupa jina aliitwa nani?"

Nikasikia mikwaruzo ya simu, halafu, "Mskoti gani?"

"Aliyekubatiza. Aliyekupa jina Makintoshi."

"Mimi nilibatizwa na mchungaji wa kwetu, mtu wa hapa hapa, na jina hakunipa yeye. Makintoshi ni koti!"

Baba alikuwa ameweka sikio karibu na langu. Nilihisi shavu lake likiganda.

Babu hakusubiri kuulizwa. Alipokuwa kijana alikwenda Lupa, kwenye machimbo ya dhahabu, na Mzungu mmoja aliyekuwa anafunga virago alimuuzia koti la mvua kwa jogoo wawili. Koti refu, zito, lenye mpira katikati ya vitambaa viwili, linanuka kama tairi. Yule Mzungu aliliita makintoshi. Babu alilivaa akatembea nalo hadi Tukuyu, na mvua ya kwetu mnaijua, hainyeshi, inakaa. Wanaume wote walijificha chini ya migomba, yeye peke yake anapita katikati ya barabara, mkavu, kichwa juu.

"Watu wakasema, huyu ni nani? Wakaambiwa, ni yule wa makintoshi. Sasa kwetu jina la ukoo linaanza na Mwa, si ndiyo? Mwa ni wa kwa fulani. Wakasema, basi huyu ni Mwakintoshi! Siku ya kuandikishwa kodi karani ananiuliza jina, kabla sijafungua mdomo foleni nzima imejibu: Mwakintoshi! Akaandika."

"Hukumwambia jina lako la kweli, Babu?"

"Alikwisha kuandika kwa wino," akasema Babu. "Halafu nililipenda. Lakini mbona wewe unasema Makintoshi? W iko wapi? Nani ameitoa w?"

Nilimpa Baba simu. Nilimsikia mtu mzima mwenye ndevu, mwanafunzi wa uhandisi, akisema, "Ndiyo, Baba. Ni mimi, Baba. Nilidhani ni kosa, Baba."

Tulirudi kwa miguu. Mvua ilianza, na hatukuwa na hata mwavuli. Tulipofika kwenye geti la chuo Baba alisimama. "Kesho utasema kama ulivyokariri," akaniambia. "Chifu. Kondoo. Mmishenari. Habari ya koti usiitaje. Watacheka, utasahau kila kitu, na utakwenda darasa la kwanza." Alikuwa na haki ya kuogopa. Mimi pia niliogopa. Jina zima la ukoo wangu lilikuwa limegeuka nguo.

Wazazi waliruhusiwa kukaa nyuma ya darasa. Baba alikuja na tai. Nilivaa shali ya Madamu katika joto lile la Guangzhou, jasho likinitiririka mgongoni, na nilipopita dawati la Daniu alinong'ona, "Umevaa kitambaa cha meza."

Niwaambie kuhusu Daniu. Jina lile ni la utani, maana yake dume kubwa la ng'ombe. Wazazi wake walitoka mkoa wa mbali kuja kushona Kangle, na lafudhi yake iliwachekesha watoto wa Guangzhou karibu sawa na yangu. Alikuwa na miaka kumi na moja. Alikuwa amerudishwa nyuma mara mbili, na ndiyo maana alijua vizuri mtu anavyoshindwa.

Nilisimama. Nikaanza. Niseme kweli, nilikuwa moto. Ngano ilitoka, Mac ilitoka, mwana wa anayetangulia mbele ya watu ilitoka, vita, milima, meli. Kwenye kondoo darasa lilicheka mahali palepale nilipotaka lichekee. Niliona Mwalimu Liang akitazama saa na kutikisa kichwa kwa kukubali. Dakika tatu zikaisha. Nikainama.

"Swali moja," akasema Mwalimu Liang.

Daniu alinyoosha mkono. Alikuwa hajawahi kunyoosha mkono tangu nifike. "Chifu wa huko ni mzungu," akasema. "Wewe ni mweusi. Jina lilifikaje kwa babu yako? Alilipata wapi?"

Jibu nililokariri lilikuwa pale, sentensi nne kuhusu mmishenari aliyempenda Babu. Nilifungua mdomo na halikutoka. Sauti ya Babu ilikuwa bado sikioni ikipiga kelele, na nilijua kwamba nikisema mmishenari nitakuwa nimemtoa Babu kwenye barabara yake, na nimemweka chini ya migomba na wengine. Nilitazama nyuma. Baba alikuwa anatazama viatu vyake.

"Kwa jogoo wawili," nikasema.

Daniu akainama mbele juu ya dawati lake.

"Babu yangu alinunua... alinunua..." Nikakwama. Sikujua neno. Nilijua chifu kwa Kichina, nilijua kondoo, nilijua hata meli ya abiria, lakini koti la mvua hakuna aliyenifundisha. Nikaanza kuonyesha kwa mikono. Vidole vikashuka: mvua. Nikajivuta kitu mabegani, nikafunga vifungo. "Mvua inakuja, inakuja, lakini yeye ndani hana maji." Mtu akacheka. Mwalimu Liang akasema, "Nyumba?" Nikatikisa kichwa. "Mwavuli?" Nikatikisa kichwa. Nikaona mkono wake unaelekea kwenye daftari, na katika daftari lile nikaona treni ya watoto wanaokwenda chooni.

"Yuyi!" akafoka Daniu kutoka nyuma, kama mtu anayekasirikia wajinga. "Anasema yuyi! Koti la mvua! Hamwoni anafunga vifungo?"

"Yuyi!" nikapiga kelele. Sijawahi kupenda neno kama nilivyolipenda lile. Nikalishika, na mengine yote yakalifuata. Nilieleza machimbo. Nilieleza koti linalonuka tairi. Nilitembea mbele ya ubao kama Babu, kichwa juu, mkavu, na nikawaonyesha wanaume waliojibanza chini ya migomba. Nilieleza karani na foleni iliyojibu kwa sauti moja. Kichina changu kilikuwa kimevunjika vipande vipande, sarufi ilikuwa inalia, lakini walicheka mpaka mtoto mmoja akaanguka kutoka kitini, na haikuwa kunicheka mimi. Nilizungumza dakika kumi na moja. Mwalimu Liang alizihesabu, si mimi.

Nilipofika kwenye w nilikwama tena, safari hii si kwa neno. Hawakujua w ni nini, na kuandika mbele ya Baba sikuthubutu. Ndipo nikasikia kiti kikisukumwa. Baba alipita katikati ya madawati, tai imekaa upande, akachukua chaki. Aliandika jina letu ubaoni kama lilivyokuwa kwenye pasipoti, akalitazama. Kisha, kati ya M na a, akabana w ndogo. Akageukia darasa na kusema kwa Kichina chake kizito cha mhandisi, "Kosa lilikuwa langu."

Mwalimu Liang alifunga daftari. "Atabaki darasa la tatu," akasema. "Lakini sarufi yake tutaizungumza."

Mimi si mtu wa kukaa na deni. Jumamosi ile ile nilizunguka kulipa.

Nilianza na Madamu. Nilimrudishia shali, imefuliwa na kukunjwa, na nikamwomba Baba amweleze kwamba hatukuwa Makintoshi wa chifu, tulikuwa Makintoshi wa koti. Alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akasema koti lile liliitwa hivyo kwa sababu lilibuniwa Glasgow na mkemia wa jina hilo hilo. "Kwa hiyo bado mmetoka kwetu," Baba akatafsiri, na safari hii hakuongeza lake. "Ila mlipitia dukani."

Babu nilimlipa kwa barua. Baba aliandika nyuma ya bahasha jina la mtumaji, herufi zote, w ikiwa kubwa kuliko nyingine.

Kwa Mzee Mak miguu ilikuwa mizito. Nilikuwa nimekula maandazi yake wiki nyingi kwa jina la udugu. Niliweka kitabu chake mezani kwa mikono miwili na nikasema yote haraka, kabla machozi hayajafika: kwamba mimi si Mak, kwamba Mwalimu alilikata jina langu kwa uvivu, kwamba ukoo wetu ni koti. Mzee Mak aliendelea kukata mpaka mwisho wa mstari wake wa chaki, akaweka mkasi chini.

"Unajua Mak wa kwanza alilipataje jina?" akaniuliza. "Alikuwa mtu wa kawaida asiye na ukoo. Mfalme akampa jina la ngano, basi. Ngano! Kitu cha kula." Akawageukia mafundi. "Mimi jina langu linaliwa, la huyu linavaliwa. Karakana hii inatengeneza nini, mikate?"

"Nguo, bosi," wakajibu.

"Basi huyu ni mtu wetu kunishinda mimi. Mpeni andazi."

Alibaki Daniu. Nilimkuta kwenye ngazi za karakana wanakoshona wazazi wake, anakata nyuzi za mashati yaliyorundikana kupita kichwa chake. Nilikuwa nimembakizia nusu ya andazi. Alilikataa kwa mkono.

"Nilikupa neno," akasema. "Andazi si neno."

"Unataka neno gani?"

Aliangalia kushoto na kulia kwanza. "Jina langu. Kwenu lingekuwa nini?"

Nikafikiri. Ng'ombe halikutosha, na dume tu lilikuwa fupi. Nikakumbuka wale wa Babu, wenye nundu, wanaopishwa njia. "Fahali," nikamwambia.

"Fa-ha-li." Alilitamka sawasawa mara ya kwanza, bila kukosea hata herufi, yeye aliyerudishwa nyuma mara mbili. "Ni wa namna gani?"

"Hakuna anayemrudisha nyuma," nikasema.

Daniu aliweka mashati chini. Akasimama, akapanua mabega, akaingia kichochoroni akisimama kila mlango wa karakana kuwatangazia mafundi kwamba kuanzia leo yeye ni Fahali, na mimi nikakaa kwenye ngazi zake nikala ile nusu ya andazi, sidaiwi na mtu yeyote katika jiji lile zima.